Mwongozo kamili wa kuchora ngozi ya mtu kwenye kanvasi kwa rangi za mafuta kwa kunakili picha ya Juan de Pareja

Nakala nyingi za wanaojifunza rangi za mafuta huharibika mahali pamoja. Macho yamekaa sawa, pua iko mahali pake, kila unywele umechorwa, lakini uso wote umepauka kama uliopakwa chaki, na ukirudi nyuma hatua tano unaonekana bapa kama karatasi. Aliyeichora huamini kwamba rangi zake ndizo zilizomwangusha, akaenda kununua tyubu nyingine, na nakala inayofuata ikatoka vilevile.

Kosa liko katika mpangilio wa kazi. Ameanza kutafuta rangi ya ngozi kabla hajaamua wapi pana giza, wapi pana mwanga, na kwa kiasi gani. Mwongozo huu unaipanga kazi upya ili umbo, mwanga na rangi vishughulikiwe kimoja baada ya kingine, kwa sababu hata mchoraji mwenye uzoefu hupata shida kuvishika vyote vitatu kwa mkupuo mmoja.

## Picha tutakayoinakili

Tutanakili picha ya Juan de Pareja iliyochorwa na Mhispania Diego Velázquez mjini Roma mwaka 1650, ambayo leo imo katika Metropolitan Museum of Art, New York. Kimo chake ni sm 81.3 na upana wake ni sm 69.9. Inamwonyesha mtu kuanzia kiunoni kwenda juu, amevaa nguo za kijivu na kola pana nyeupe yenye lesi, mkono mmoja umepita mbele ya mwili, na macho yanamtazama mtazamaji moja kwa moja.

Picha hii ina rangi chache, kwa hiyo mwanafunzi hapotei katika kuchanganya. Sababu kubwa zaidi ya kuichagua ni ngozi. Ngozi nyeusi inamnyima mwanafunzi kimbilio lake la kawaida, yaani tyubu nyeupe, na kumlazimisha kuujenga mwanga kwa kulinganisha rangi na jirani yake. Kola nyeupe iliyo chini ya uso ni kipimo cha bure: ukichora paji la uso lenye weupe unaokaribia ule wa kola, umekosea, na kosa hilo utaliona papo hapo.

Nitasema jambo moja tu la historia. Pareja alikuwa mtumwa katika karakana ya Velázquez alipoketi kuchorwa, hati ya kumwacha huru iliandikwa mwaka huohuo, na baadaye akawa mchoraji kwa jina lake mwenyewe. Nimeona kwamba anayelijua jambo hilo huyatazama macho yale kwa utulivu zaidi, na utulivu huo ndio kazi hii inaouhitaji.

Pakua picha kutoka tovuti ya jumba hilo la makumbusho, ambalo tangu mwaka 2017 limeruhusu picha za kazi zisizo na hakimiliki kutumiwa bila malipo. Usichukue nakala iliyopita mikononi mwa watu wengi mtandaoni, kwa maana zingine zimegeuka njano, zingine zimekatwa pembeni, na utajikuta unanakili makosa ya mtu mwingine.

## Vifaa

Andaa kanvasi ya sm 50 kwa 60 iliyokwisha kupakwa jeso, yaani tabaka jeupe la kuandaa kanvasi. Picha ya asili ikipunguzwa hadi upana wa sm 50 itakuwa na kimo cha sm 58, kwa hiyo piga mstari wa penseli sm 2 kutoka ukingo wa chini na usichore chini yake. Usinyooshe picha ili ijaze kanvasi. Milimita hizo ishirini zikigawanywa usoni hugeuza mtu kuwa mtu mwingine.

Chapisha picha mara mbili kwenye karatasi ya A3, kila moja ikiwa na upana wa sm 25 na kimo cha sm 29: nakala moja ya rangi, nyingine isiyo na rangi kabisa, ya kijivu tupu. Hii ya kijivu utaitumia zaidi kuliko ile ya rangi.

Majina ya rangi hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda, lakini nyuma ya tyubu huwa pamechapishwa msimbo wa unga wa rangi uliotumika, na huo haubadiliki. Nunua kwa kufuata msimbo:

- nyeupe ya titani, PW6
- manjano ya udongo, PY43 au PY42
- nyekundu ya udongo, PR101
- kahawia iliyochomwa na kahawia mbichi, zote mbili PBr7 (msimbo mmoja hutumika kwa rangi kadhaa za kahawia, kwa hiyo hapa itazame rangi yenyewe pia: iliyochomwa ina wekundu, mbichi inaelekea ukijani)
- nyekundu ya zambarau, PV19 au PR177
- buluu ya ultramarini, PB29
- nyeusi ya mifupa, PBk9

Epuka PR83 hata kama ni nafuu, kwa sababu hufifia inapokaa kwenye mwanga. Epuka pia nyeupe ya risasi. Velázquez aliitumia, lakini ni sumu, na kwa zoezi hili titani inatosha.

Kwa brashi, chukua bapa za nywele ngumu namba 4, 6 na 8, mbili laini zenye ncha ya mviringo namba 4, na moja nyembamba namba 1 ambayo hutaigusa mpaka mwisho. Ongeza kisu cha paleti, paleti ya kijivu au ya kahawia (paleti nyeupe hufanya kila mchanganyiko uonekane mweusi kuliko ulivyo), mafuta ya kitani yaliyosafishwa, thina ya wachoraji isiyo na harufu kali, kijiti cha mkaa wa kuchorea, rula, kioo kidogo cha mkononi na vitambaa vya pamba. Thina ya rangi za magari haifai hapa, kwa kuwa hudhuru mapafu na hulegeza tabaka la chini.

Onyo la moto. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani na kukunjwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti, kwa sababu mafuta hayo hutoa joto yanapokauka na joto hukusanyika ndani ya mikunjo. Kila unapomaliza kazi, kiloweke kitambaa ndani ya maji kwenye kopo la bati lenye kifuniko, au kitandaze kimoja kimoja mahali penye hewa. Fungua madirisha wakati wote wa kazi, na usile wala kunywa ukiwa na rangi mikononi.

Tenga wiki sita hadi nane. Sehemu kubwa ya muda huo ni ya kusubiri tabaka likauke.

## Hatua ya 1: Ondoa weupe wa kanvasi

Chukua kahawia mbichi kidogo, iyeyushe kwa thina mpaka iwe nyepesi kama chai, ipake kanvasi yote, kisha ifute kwa kitambaa hadi ibaki rangi ya mchanga uliolowa. Iache ikauke siku mbili au tatu.

Tunafanya hivi kwa sababu jicho hupima kwa kulinganisha. Juu ya weupe, rangi yoyote unayoweka huonekana nyeusi mno, nawe utaipunguza giza bila kujua. Juu ya rangi ya kati, giza huonekana giza na mwanga huonekana mwanga. Uso wa kanvasi ukiwa mkavu na usioteleza, bila matone wala madimbwi ya rangi, uko tayari.

## Hatua ya 2: Mchoro

Gawa nakala ya kijivu kwa miraba ya sm 2.5, na kanvasi kwa miraba ya sm 5 iliyochorwa kwa mkaa kwa mkono mwepesi. Kila kipimo kwenye karatasi kinazidishwa mara mbili tu, hivyo hakuna hesabu ya kukusumbua. Safu ya chini kabisa haitakuwa kamili, na hilo ni sawa.

Usianze na jicho. Mimi nilianza nalo katika nakala yangu ya kwanza ya uso huu. Nilitumia jioni tatu kwenye jicho moja, kope na yote, na nilipokuja kuchora sikio ndipo nilipogundua kwamba jicho lile lilikuwa limesogea milimita nane. Nililikwangua lote kwa kisu.

Anza na umbo kubwa la nje: mstari wa nywele, mabega, kola, mkono. Tia alama mahali kila mstari unapokata mraba, kisha unganisha alama kwa mistari mifupi iliyonyooka. Mstari uliopinda hudanganya, mstari ulionyooka hupimika. Baada ya hapo chora mipaka ya vivuli kana kwamba ni vitu vyenye umbo lake, kama visiwa kwenye ramani. Kivuli cha upande wa pua kina umbo, na cha chini ya mdomo kina umbo. Vipengele vya uso vije mwisho kabisa, tena kwa alama tu.

Jaribio ni hili: geuza kanvasi na karatasi juu chini, uzitazame pamoja. Kisha zipe mgongo na uzitazame kupitia kioo. Kosa lililojificha kwa siku mbili hujitokeza kwa sekunde mbili, kwa kuwa ubongo hauwezi tena kusema "huu ni uso" na kukurekebishia. Endelea kurekebisha mpaka kioo kikose la kusema. Kisha pitisha mistari kwa kahawia iliyoyeyushwa kwa thina, iache ikauke, ufute mkaa.

## Hatua ya 3: Ngazi tano za mwanga

Hapa ndipo nakala nyingi hupotelea, na hapa ndipo ninapokuomba usiruke chochote.

Kwenye kipande cha karatasi nzito iliyopakwa jeso, tengeneza ngazi tano kwa kahawia mbichi na nyeupe, pamoja na chembe ya ultramarini ili mchanganyiko usielekee ukijani. Namba 1 ni kahawia na buluu bila nyeupe, namba 5 ni nyeupe iliyoguswa kidogo tu, namba 3 iwe katikati yao kwelikweli. Watu wengi huifanya namba 3 iwe nyeupe mno. Itazame huku umefumba macho nusu: ikiungana na 4 na kuiacha 2 peke yake, iongezee giza.

Toboa tundu dogo katikati ya karatasi hiyo. Iweke juu ya nakala ya kijivu, sehemu moja ya uso ionekane ndani ya tundu, na ujiulize ni ngazi gani inayofanana nayo. Andika namba hiyo juu ya nakala yenyewe. Fanya hivyo mara thelathini au arobaini, uso mzima, kola, nguo na mandharinyuma.

Utashangaa. Kola iliyo kwenye mwanga ni 5. Mng'ao wa paji la uso, ambao jicho linaapa kuwa ni mweupe, haufiki 5, na mara nyingi utaukuta kwenye 4. Ngozi iliyopigwa na mwanga iko kwenye 3, sehemu inayogeukia kivuli kwenye 2, na vivuli pamoja na nywele kwenye 1. Weupe wa macho nao si mweupe hata kidogo: uweke tundu juu yake uone ulivyo na giza. Yule anayeujaza kwa nyeupe tupu humfanya mtu aonekane ameshtuka.

Picha ya uso wote ina nafasi ya ngazi nne tu, na ya tano ni ya kola. Ukikubali jambo hilo sasa, sehemu kubwa ya chaki nilizozitaja mwanzoni imeshaondoka.

## Hatua ya 4: Tabaka la kijivu

Velázquez mwenyewe hakuwa na desturi ya kumaliza picha nzima kwa kijivu kwanza. Alifanya kazi kwa rangi moja kwa moja, kwa kujiamini ambako sisi hatuna. Tunatumia tabaka la kijivu kama chombo cha kujifunzia, ili tuumalize mwanga kabla ya kuigusa rangi.

Changanya vilima vitano vya rangi kwenye paleti kulingana na ngazi zako. Punguza rangi kwa thina kidogo, bila mafuta. Paka kwanza namba 1 yote popote ilipo, halafu namba 2, na kadhalika, ukijaza maeneo bapa kama mtu anayeweka vigae. Usilainishe mipaka. Mandharinyuma yapakwe sambamba na kichwa, kwa sababu huwezi kujua kama shavu lina mwanga wa kutosha ikiwa nyuma yake bado pana rangi tupu ya kanvasi.

Kanvasi yote ikishafunikwa ndipo urudi mahali uso unapozunguka polepole, kama shavu na paji, uweke kiraka cha rangi ya kati kati ya ngazi mbili. Kiweke, usikisugue. Anayesugua mpaka kwa brashi kavu hupata ulaini usio na mifupa, na mtu anatoka kama amevimba.

Hapa usitumie nyeusi ya mifupa, hata kama inaonekana rahisi. Hukauka polepole sana, na tabaka la chini linapaswa kukauka kabla ya la juu. Kahawia hukauka haraka na huharakisha rangi inazochanganywa nazo.

Ukimaliza, isimamishe kanvasi upande wa pili wa chumba. Kichwa kinapaswa kuonekana mviringo, mwanga ukitoka upande mmoja, na uweze kumtambua Pareja hata kama macho yake bado ni madoa mawili ya giza. Asipotambulika kutoka mbali, rangi haitamwokoa. Rekebisha sasa. Kisha subiri siku saba hadi kumi, na ujaribu kwa kidole: pasiponata wala kuacha alama, endelea.

## Hatua ya 5: Rangi ya ngozi

Sasa chukua nakala ya rangi. Andaa vilima vinne kabla hujagusa kanvasi, maana anayechanganya huku anapaka hubadilisha rangi kila dakika bila kujijua.

Mwanga. Sehemu mbili za manjano ya udongo, sehemu moja ya nyekundu ya udongo, kahawia iliyochomwa kidogo, na nyeupe ya kutosha tu kukifikisha kilima kwenye namba 3.

Nusu-kivuli. Kahawia iliyochomwa na nyekundu ya udongo kwa usawa, manjano kidogo, kisha chembe ya ultramarini ili wekundu utulie. Nyeupe iwe kidogo sana.

Kivuli. Kahawia iliyochomwa, nyekundu ya zambarau, ultramarini. Hakuna nyeupe kabisa. Kivuli kikiingiwa na nyeupe hugeuka ukungu, na ukungu mahali pa giza ndio unaoitia picha nzima tope.

Mng'ao. Chukua rangi ya mwanga, ongeza nyeupe, kisha chembe ndogo ya ultramarini, kiasi cha ncha ya kisu. Mng'ao wa ngozi nyeusi ni mwanga unaorudishwa na uso wa ngozi, kwa hiyo una ubaridi wa kijivu ambao ngozi inayouzunguka haina. Ukiufanya wa manjano utaonekana kama jasho la mafuta, na ukiufanya mweupe mtupu utaonekana kama tundu kwenye kanvasi.

Vipimo hivi ni mahali pa kuanzia. Hakimu ni nakala iliyo mbele yako. Chota rangi kwenye ncha ya kisu, uisogeze karibu kabisa na karatasi, juu ya sehemu unayoitafuta, na ufumbe macho nusu. Jiulize kwa utaratibu uleule kila mara: Je, giza lake ni sawa? Je, inaelekea wekundu, manjano au buluu? Je, ni kali mno au imefifia mno? Swali la giza lije kwanza daima. Rangi yenye giza sahihi na wekundu uliokosewa kidogo bado itakaa usoni. Yenye wekundu sahihi na giza lililokosewa haitakaa popote.

Nikupe mfano wa mahali pamoja, ubavu wa pua. Pana upana wa vidole viwili tu, lakini panapita rangi nne: mng'ao mwembamba juu ya mfupa, mwanga wenye wekundu kando yake, nusu-kivuli kinachoelekea kijivu mahali pua inapogeuka, kisha kivuli chenye joto kinachokutana na shavu. Mwanafunzi huona "kahawia na kahawia iliyokolea", akaweka mbili, akasugua katikati. Weka nne, kila moja kwa mguso mmoja wa brashi namba 4, ufute brashi baada ya kila mguso. Kisha iache. Ukirudi nyuma, pua itasimama yenyewe, na hapo ndipo utakapoelewa kwa mkono wako kile ambacho maelezo yoyote hayawezi kukupa.

Paka rangi hizi juu ya kijivu kilichokauka, ukilinganisha kila kiraka na ngazi iliyo chini yake. Hapa tumia rangi kama inavyotoka kwenye tyubu, bila thina, na tone la mafuta ya kitani pale tu brashi inapokwama. Gawa kazi kwa maeneo: paji na mboni za macho siku moja, pua na mashavu siku nyingine, mdomo na ndevu siku ya tatu. Eneo ulilolianza lifikishe kwenye mpaka wake wa asili siku hiyohiyo, kwa sababu kuunganisha rangi mbichi na iliyoanza kukauka huacha mshono.

Utajua umefaulu ukipiga picha ya kanvasi kwa simu, ukaondoa rangi, na kuona kwamba inafanana na nakala yako ya kijivu. Maeneo yasiyofanana yaandike na uyarudie kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 6: Kingo

Tazama mahali nywele zinapokutana na mandharinyuma. Hakuna mstari. Nywele huyeyuka ndani ya kijivu, zikajitokeza tena, zikapotea tena. Sasa tazama kola inapokutana na nguo kwenye mwanga: ukingo mkali, uliokatwa. Kingo laini hurudi nyuma na kingo kali huja mbele, na tofauti hiyo ndiyo inayoupa uso hewa ya kupumua.

Kwa hiyo, rangi ikiwa bado mbichi, pitisha brashi laini iliyo kavu mara moja tu kwenye kingo za nywele na upande wa kivuli wa shavu. Mara moja. Kingo za kola na za mng'ao usiziguse. Nakala ambayo kingo zake zote ni kali huonekana kama sura iliyokatwa kwa mkasi na kubandikwa.

## Hatua ya 7: Nguo, mandharinyuma na kola

Nguo na mandharinyuma ni kijivu na kijani kilichotulia, vilivyochanganywa kwa nyeusi ya mifupa, manjano ya udongo, kahawia mbichi na nyeupe. Nyeusi na manjano hutoa kijani, usitafute tyubu ya kijani. Tumia brashi namba 8 na uache mipigo ionekane. Ukiimaliza nguo kwa uangalifu uleule wa uso, mtazamaji hatajua atazame wapi.

Kola ni jambo jingine, kwani ndiyo inayomshawishi mtu kuchora kila tundu la lesi. Usifanye hivyo. Ipake yote kwanza kama umbo moja la kijivu chepesi, weka vivuli vya mikunjo, kisha tia nyeupe nzito kwa miguso michache pale mwanga unapopiga. Lesi iwe alama kumi au kumi na tano zilizowekwa kwa haraka kwenye ukingo. Ukisogea karibu utaona madoa, ukirudi nyuma utaona kitambaa.

## Hatua ya 8: Tando za mwisho

Subiri wiki mbili angalau. Changanya mafuta ya kitani na thina kwa usawa, na kwa mchanganyiko huo yeyusha chembe ya nyekundu ya zambarau na kahawia iliyochomwa hadi iwe kama kioo chenye rangi. Pitisha utando huo juu ya vivuli vilivyokufa, kisha uufute kwa kitambaa mpaka ubaki kama kumbukumbu ya rangi. Kivuli kitapata kina bila kupoteza giza lake. Tando zikae kwenye vivuli tu, mwanga uachwe ulivyo.

Mafuta huongezeka kadiri unavyopanda juu: tabaka la kwanza lilikuwa na thina, la pili rangi tupu, hili la tatu lina mafuta. Ukigeuza mpangilio huo, tabaka la juu hukauka likawa gumu wakati la chini bado linasogea, na picha itapasuka.

Sasa ndipo brashi namba 1 inapotoka: mng'ao mmoja kwenye kila jicho, nywele chache za ndevu, alama mbili au tatu za kola. Ukijikuta umeishika kwa zaidi ya nusu saa, iweke chini.

## Hatua ya 9: Kukausha na vanishi

Iache picha mahali penye hewa na mwanga usio wa jua moja kwa moja. Gizani, mafuta ya kitani huwa manjano. Vanishi ya mwisho isipakwe kabla ya miezi sita, na pale rangi ilipo nzito, kama kwenye kola, ni afadhali mwaka mzima, la sivyo itashikana na rangi na haitatoka tena siku itakapohitaji kusafishwa. Kabla ya hapo maeneo ya giza yanaweza kufubaa, kwa sababu tabaka la chini limefyonza mafuta. Tone la mafuta ya kitani lililopakwa kwa kidole na kufutwa lote kwa kitambaa huyarudishia kina.

Nyuma ya kanvasi andika kwa maandishi yasiyofutika: nakala ya picha ya Velázquez, jina lako na mwaka. Kisha, wakati nakala hii inakauka, chukua kipande kingine cha kanvasi cha sm 30 kwa 35, chora kichwa peke yake, na ukimalize kwa saa tatu, bila tabaka la kijivu, ukitumia vilima vinne vya ngozi ulivyokwisha kuvijua.